Huyo Anayeimba Yuko Wapi?

Hotuba hii niliitoa hapa Dodoma mbele ya wanafunzi wa filamu, waandishi wa miswada, wahariri wa picha na wasanii wa vikundi vya ngoma. Wapo waliozuiwa na mitihani, wapo waliokwamishwa na mvua, na wapo walioniandikia wakitaka niiweke yote. Basi ndiyo hii, kama nilivyoisema. Vipande vya video nilivyoonyesha nimeviacha.

Mbukwenyi! (Ndiyo salamu yetu ya Kigogo.)

Mmeitikia kama watu walioshiba. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Mwenyekiti, asante kwa nafasi. Walimu, wanafunzi, kaka na dada wa kamera, na kina mama wa muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, mliokuja na ngoma zenu mkaziacha pale mlangoni: nawasalimu nyote.

Nimeombwa niseme juu ya sauti katika tamthilia za mtandaoni. Sauti ni shamba kubwa, siwezi kulilima lote kabla ya chakula. Nimechagua kipande kimoja, kile kinachoniudhi kuliko vyote. Nyimbo. Sikusema muziki, nimesema nyimbo: mtu anafungua kinywa na kuimba maneno, huku tamthilia ikiendelea.

Niwaulize. Nani jana usiku aliangalia tamthilia kwenye simu? Nyoosheni mikono. Karibu ukumbi mzima. Haya, nani kati yenu alimaliza dakika kumi za mwanzo bila kusikia mtu anaimba? Dada mmoja tu. Dada, ukitoka usikimbie, tunataka jina la hiyo tamthilia.

Ndivyo tulivyofika. Mtu anaachwa na mchumba, wimbo. Anaendesha gari usiku, wimbo. Anafungua barua, wimbo. Anakufa, wimbo, tena wa zamani, umerudiwa polepole na binti mwenye sauti ya kunong'ona. Halafu sizoni ya pili inapata fedha, marehemu anafufuka. Wimbo!

Huyo binti wa kunong'ona ana sababu zake za kuwepo. Ukitaka kuweka wimbo uliokwisha kurekodiwa ndani ya tamthilia, unahitaji ruhusa mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye ile rekodi. Rekodi ya nyota mkubwa ni ghali. Ukiurudia wimbo kwa sauti nyingine, unabaki na ruhusa moja ya kuomba, ya utunzi, na rekodi inakuwa yako. Kwa hiyo ile huzuni yote mnayoisikia mara nyingine imetoka kwa mhasibu.

Turudi kwenye hoja. Ndugu zangu, wimbo wenye maneno unaongea. Zeze likilia chini ya mazungumzo, naendelea kumsikiliza mwigizaji. Mtu akiimba chini ya mazungumzo, nina watu wawili wanaonisemesha kwa wakati mmoja, kama kikao cha ukoo ambapo baba mkubwa anasoma hesabu ya mahari na mjomba pembeni anasimulia safari yake ya Singida. Utashika hesabu au utashika safari? Huwezi kushika vyote.

Mafundi sauti mlioko hapa mnaijua sababu. Konsonanti zinazotufanya tutofautishe "pata" na "kata" zinaishi zaidi kati ya hezi 1,000 na 4,000 (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde), na sauti ya mwimbaji nayo imejaa humohumo. Kwenye jumba la sinema maneno ya waigizaji hutoka kwenye spika ya katikati, na muziki unatandazwa kushoto na kulia. Kwenye simu yako, ndani ya basi la Dar, vyote vinabanwa kwenye kispika kidogo kama punje ya mtama. Mwimbaji na mwigizaji wanasukumana mlangoni, na mwimbaji ndiye mwenye nguvu.

Na kuna hili ambalo watazamaji wengi wanalilalamikia bila kujua linakotoka. Netflix inawataka wanaoipelekea kazi wastani wa sauti uwe karibu LKFS 27 chini ya sifuri (LKFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kipimo hicho kinachukuliwa kwenye mazungumzo. Sikilizeni vizuri: kwenye mazungumzo. Wimbo unaokuja baada ya mazungumzo kunyamaza haumo katika wastani huo. Unaweza kupanda juu sana na kazi ikapokelewa, mradi usivuke kilele kilichowekwa. Ndiyo maana saa sita za usiku unaongeza sauti umsikie mwigizaji ananong'ona, mara wimbo unaingia unaamsha mtoto, unaamsha mama, unaamsha mbwa wa jirani.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi, watu wa Kiswahili. Tamthilia nyingi tunazojifunzia ni za Kiingereza, Kikorea, Kituruki, Kihispania. Mtazamaji wa Nkuhungu, hapahapa Dodoma, anasoma maandishi chini ya picha, macho yana kazi, masikio yamelegea. Wimbo wa Kiingereza ukipita pale, kwake ni sauti nzuri tu. Maneno hayamgusi. Anasema, "Muziki wa hawa jamaa ni mtamu!" Anakua, ananunua kamera, anatengeneza tamthilia yake ya Kiswahili, anaweka wimbo wa Kiswahili palepale alipousikia ule wa Kiingereza. Kumbe mama yake sebuleni anasikia kila neno! Mwigizaji anasema "nimekusamehe", mwimbaji anasema "sirudi tena". Mama amshike yupi?

Tumeiga kitu tulichokisikia nusu. Wenye lugha yao wanakisikia kizima, na wengi wao kinawachosha kama kinavyotuchosha sisi.

Nitawapa kisa. Kulikuwa na filamu fupi ilionyeshwa kijijini, upande wa Chamwino, kwenye shuka jeupe lililofungwa kati ya miti miwili, jenereta nyuma ya darasa. Waliotengeneza walitoka mbali, sitawataja, ni watu wema na wanafanya kazi kwa bidii. Tukio lenyewe ni la msiba. Mama amefiwa na mwanawe, amekaa kwenye mkeka. Yule mwigizaji alikuwa hodari. Hakulia. Alikuwa anachomoa ukindu wa mkeka, mmoja mmoja, anaupanga kwenye paja kana kwamba atauhesabu. Mimi koo lilishakauka.

Basi chini ya tukio lile wakaweka wimbo wa Kigogo. Sauti za wanaume, zinapandana na kushukiana kama mnavyojua wenyewe mambo ya Wagogo, hakuna sauti inayotembea peke yake. Kwa sikio la mgeni ulikuwa na huzuni isiyo na mfano. Kwa watu waliokaa pale chini, ulikuwa wimbo wa jando.

Wazee walianza kukohoa. Kina mama wakavuta kanga wakafunika nyuso, mabega yanatikisika. Vijana wa nyuma, wale wasio na dini, wakaitikia kiitikio! Mwenye filamu alikuwa amesimama karibu na mashine, anatabasamu, anadhani watu wameguswa.

Mwigizaji yule alifanya kosa gani? Hakufanya kosa lolote. Alikuwa amelibeba tukio peke yake, kwa vidole vyake na ule ukindu. Aliyemwangusha ni mtu asiyemwamini, aliyeona kimya chake hakitoshi akamletea msaidizi. Nilipoongea na mhariri baadaye aliniambia, "Lakini wimbo ni mtamu." Ni mtamu, ndiyo. Hata mchuzi wa kuku ni mtamu, hatuumwagi kwenye chai.

Mnacheka. Lakini kila wiki mambo haya yanafanyika kwa nyimbo za watu wengine, na sisi ndio wageni tunaotabasamu karibu na mashine.

Nina mama mkubwa wangu, anakaa Kongwa. Alikuja kutibiwa macho, akapumzika kwangu, jioni tukawa tunaangalia tamthilia pamoja na watoto. Likaja tukio la mwanamke yuko jikoni peke yake, anaosha vyombo, mume ametoka na kufunga mlango kwa nguvu. Wimbo ukaanza, mwanamke mwingine anaimba maumivu ya ndoa. Mama mkubwa akauliza, "Huyo anayeimba yuko wapi?"

Mtoto akamjibu, "Bibi, hayupo, ni wimbo tu."

"Hayupo? Basi mwacheni huyu anayeosha vyombo aseme mwenyewe."

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya muziki wa filamu, na hilo swali la mama mkubwa limenisaidia kuliko vingi. Huyo anayeimba yuko wapi? Kaeni nalo mezani mnapohariri. Kama yuko kwenye redio ya dukani, sawa. Kama yuko kanisani, harusini, kwenye spika ya bajaji, sawa kabisa. Kama ni mhusika mwenyewe anaimba huku anatwanga, vizuri zaidi. Kama hayupo popote, mwulize mhariri ni nani amemwita.

Chukua bajaji. Mhusika wako amepanda Nkuhungu anaelekea mjini. Dereva amefungulia wimbo wa harusi, sauti mpaka viti vinatetemeka. Simu inaita: baba amefariki. Dereva hajui, anapiga honi kwa mdundo, wimbo unaendelea kumpongeza bibi harusi. Mhusika anataka kusema "punguza sauti, kaka", anashindwa. Hapo wimbo unachoma! Unachoma kwa sababu una mwenyewe, uko mahali pake, na haumjali mtu anayelia. Ungeweka wimbo wa huzuni kutoka hewani, ungekuwa umemwambia mtazamaji kitu alichokwisha kukijua.

Kuna tamthilia ya Kimarekani, The Wire, ya kituo cha televisheni cha HBO, iliyoonyeshwa kuanzia 2002 hadi 2008, sizoni tano. Waliotengeneza walijiwekea sharti: muziki usikike pale tu ambapo wahusika wenyewe wanausikia, kwenye gari, kwenye baa, dirishani kwa jirani. Ule mfululizo wa picha wa kufungia sizoni ndio karibu pekee uliopata wimbo wa kutoka nje ya hadithi. Matokeo yake unausikia mji. Unasikia viatu, milango, mtu anakohoa orofa ya juu. Na wimbo wa mwisho wa sizoni unapoingia, unasimama wima, kwa kuwa umeunyimwa muda mrefu.

Najua kuna mtu ananingoja na Kate Bush, yule mwimbaji wa Uingereza. Nimeona mkono wako, kijana, shusha, nafika huko. Mwaka 2022 sizoni ya nne ya tamthilia ya Stranger Things ilitumia wimbo wake wa 1985, na mwezi Juni wimbo huo ukashika namba moja Uingereza, miaka 37 baada ya kutoka. Kila kampuni ya muziki duniani iliona. Lakini ulitumikaje? Ni wimbo wa binti mmoja ndani ya hadithi, aliyefiwa na kaka yake wa kambo, anausikiliza kwenye vispika vyake vya masikioni. Anapokaribia kufa, wenzake wanahangaika kumwekea wimbo anaoupenda ili umrudishe. Huyo anayeimba yuko wapi? Yuko kwenye kaseti ya yule binti. Ukiuondoa, hadithi inaanguka.

Waigaji hawakuangalia kaseti. Waliangalia namba moja. Tangu hapo, na hata kabla, tamthilia imekuwa dirisha la duka la nyimbo: weka wimbo mkali mahali penye machozi, kipande kikatwe kiende kwenye simu za watu, wimbo usikilizwe, mwenye wimbo na mwenye tamthilia wote wapate. Sina ugomvi na biashara, hata mimi nakula. Ugomvi wangu ni pale tukio linapoandikwa ili wimbo upate pa kukaa.

Na kuna uvivu, tuuseme. Una hadithi ya vipande sita, umeuza vipande kumi. Unafanyaje? Mhusika anatembea dakika tatu kando ya maji, mtu anaimba, kumbukumbu zinapita. Hakuna muswada wa kuandika, hakuna mazungumzo ya kurekodi. Au mhariri anaweka wimbo wa muda ili akate picha kwa mdundo wake, kila mtu anauzoea, siku ya kuutoa inafika wote wanaona tukio limekuwa uchi. Tukio lilikuwa uchi tangu mwanzo! Wimbo uliwazuia kuliona mapema, wakati bado mngeweza kulirudia.

Sasa kuna hoja wazee watanipinga nayo, na wana haki: mbona sisi ni watu wa nyimbo? Mbona hadithi za bibi zilijaa nyimbo? Mbona muvi za Kihindi tulizikalia saa tatu kwa ajili ya nyimbo?

Haya, twende kwenye hadithi za bibi. Nani anaimba humo? Ndege. Ndege ameona mauaji, anakaa juu ya mti na kuimba siri, na kila akiimba muuaji anazidi kukaribiwa. Msichana aliyetupwa mtoni anaimba, mchunga ng'ombe anamsikia. Zimwi linaigiza wimbo wa mama, watoto wanafungua mlango. Mnaona? Kila wimbo una kinywa chake. Na bibi alipoimba alikuwa haongei wakati uleule. Alisimamisha hadithi, sisi tukaitikia, kisha akaendelea. Muvi ya Kihindi nayo hivyohivyo: wakati wa wimbo ukifika watu wote wanaacha maneno, mpendwa mwenyewe ndiye anaonekana anaimba, na anacheza juu yake. Wimbo umepewa kiti chake. Hakuna anayenong'ona siri za urithi chini yake.

Kwa hiyo msiende kusema kwamba fulani alikuja Dodoma kukataza nyimbo. Katika mkoa wa Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo? Marehemu alitoka mkoa huu na ala zake, ilimba na zeze, sauti yake ikafika mpaka lebo ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza, watu wasiojua neno la Kigogo wakaacha shughuli zao wakasikiliza. Sauti kama ile ni ya kusikilizwa. Kuiweka chini ya tukio lililoigizwa vibaya ili kuliziba ni kuikosea adabu.

Nigusie redio kidogo, kwa kuwa wengi wenu hamkuzaliwa. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Nchi nzima ilisikia, isipokuwa eneo la kituo cha Dodoma! Sisi tuliachwa makusudi mpaka 1995 ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Tulikuwa kipimo, hatukuulizwa. (Mzee anatikisa kichwa, anakumbuka.) Na walipopima wakakuta mchezo ule ulifanya wanandoa wazungumze wao kwa wao mambo ya uzazi kuliko huku kwetu. Bila picha, ndugu zangu. Bila gari usiku na taa za mji. Watu wanaongea, mtu mwingine anasikiliza, anageuka kumwangalia mkewe. Mwenye imani na maneno ya mwigizaji anaweza kufika hapo. Asiye na imani anatafuta wimbo.

Hata kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea muvi, mnajionea wenyewe. Mtafsiri wa muvi akifika penye wimbo wa Kiingereza, anaufunika kwa sauti yake bila huruma, anasimulia, anatania, anatukana adui. Umewahi kusikia mtu kibandani anadai arudishiwe ule wimbo? Mimi sijasikia.

Sasa kazi. Kesho kila kundi lije na tukio moja kutoka kazi yake, nyimbo zote zimezimwa. Zote. Acheni sauti za mahali: upepo wa Dodoma mnao bure, majogoo, mashine ya kusaga, muuza maji. Tutaangalia kwa simu, si kwa spika kubwa, kwa sababu watazamaji wako kwenye simu na bando lao ni dogo. Tukio likisimama, limesimama. Likianguka, tutalirudia kwa mwigizaji na muswada kwanza. Ndipo tutauliza kama kuna mtu wa kuimba, na yuko wapi. Wahariri kaeni karibu na soketi, ziko mbili tu.

Baada ya makofi, mama mmoja wa kikundi cha muheme alisimama, akauliza swali ambalo niliahidi kuliandika hapa pamoja na jibu lake.

"Mwanangu, mkizitoa nyimbo, sisi tutakula nini? Juzijuzi tu wamekuja na kinasa sauti, wakaondoka nazo. Angalau zilisikika."

Mama, nilimjibu, hao waliondoka na sauti wakawaacha ninyi nyuma. Mimi nataka mwingie nyote kwenye picha, na ngoma mapajani. Mwandishi akitaka muheme, aandike mahali wanapopiga wanawake, aandike nani anawatazama na kwa nini wamekusanyika leo, awaulize ninyi wimbo upi ni wa shughuli ipi. Mkisimama mbele ya kamera mnalipwa siku ya kazi kama wasanii wengine, na rekodi inalipwa kivyake. Majina yenu yanaandikwa mwishoni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo. Msiimbe mbele ya kinasa sauti kabla karatasi haijasainiwa, na karatasi iwe kwa Kiswahili.

Akasema, "Na chakula kiandikwe humohumo. Wale wa juzi walitupa soda."

Kijana wa meza ya mbele, mwanafunzi wa sheria, alikuwa ameshaanza kuandika.